Koti la Kodrai ya Kijani

3 Machi

Kwa Fundi,
Duka la Mikoba na Nguo za Vitambaa Vilivyotumika

Salaam nyingi. Huenda hunikumbuki. Mimi ni yule mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, niliyekuja dukani kwenu tarehe kumi na moja mwezi uliopita na mifuko mitatu ya nguo. Ulinifungulia mlango kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa. Ukaniuliza, "Mzee, nguo zote hizi za nani?" Nikakujibu, "Za mtu ambaye hazihitaji tena." Ukaniletea maji. Asante kwa maji yale.

Nguo zilikuwa za marehemu mke wangu. Alikuwa mteja wenu. Kikapu chake cha sokoni, kile cha vipande vya jinzi chenye mkanda mwekundu, alikinunua kwenu, na tangu siku hiyo nyumbani hatukupumua. Mfuko wa plastiki ukawa hauvuki kizingiti. Siku moja alimrudishia muuza nyanya mfuko wake wa nailoni kana kwamba amekabidhiwa nyoka. Kwa hiyo alipofariki nilijiambia nguo zake zisiende jalalani, ziende kwa watu wanaojua kuzipa maisha mengine. Niliona ni jambo ambalo yeye mwenyewe angelifanya.

Sasa nina ombi. Katika mfuko wa pili kulikuwa na koti la kodrai, kitambaa kile cha mistari iliyoinuka, kijani cha chupa, refu la kufika magotini, vifungo sita vya mbao. Nililitoa kwa makosa. Kama bado lipo, tafadhali niwekee. Nitalifuata mwenyewe na nitalilipia bei yoyote mtakayotaja.

Wako,
Mpima ardhi mstaafu,
nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha matofali


9 Machi

Shikamoo mzee wangu,

Nakukumbuka vizuri sana, na pole tena kwa msiba.

Natamani ningekuwa na habari njema. Kodrai haikai hapa dukani. Wateja wa siku hizi wanaigombania, hasa ya zamani iliyokwisha kulainika, kwa hiyo koti lile lilikatwa wiki ileile. Lilitoa mikoba mitatu. Yote iliuzwa kwenye maonyesho ya mwisho wa mwezi, na wanunuzi wa maonyesho hatuandiki majina yao. Vifungo vilikwenda kwenye mikoba mingine.

Najua hili silo jibu ulilolitaka. Jipe moyo kwamba kuna watu watatu wanaotembea na kitu kizuri kilichokuwa chake.

Samahani sana.

Fundi wa mikoba


14 Machi

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Asante kwa kunijibu upesi. Wewe huna kosa lolote. Kosa ni langu, na nataka nikueleze ili usinione msumbufu.

Tuna mtoto mmoja, binti. Ni mpishi kwenye meli ya mizigo. Mama yake alipozidiwa, meli ilikuwa katikati ya maji na bandari iko mbali. Hakuwahi kumzika. Alinipigia kwa simu ya nahodha, sauti inakatikakatika, akasema, "Baba, usiguse kitu. Ningoje." Nilimsikia. Nikasema sawa.

Nikangoja wiki tatu. Lakini kabati limekaa mkabala na kitanda, na mlango wake haufungi vizuri. Kila nikiamka naona mkono wa lile koti umechungulia. Ndilo alilokuwa akivaa kazini, kaunta ya posta, miaka yote ile. Asubuhi moja niliamka nikalipakua kabati lote kabla sijanawa uso. Nilifanya haraka, kama mtu anayeng'oa jino bovu. Siku tisa baadaye binti yangu akafika. Hakuuliza vyombo, hakuuliza pete. Alikwenda moja kwa moja kabatini. Kumbe mama yake alikwisha kumwandikia kwamba koti ni lake. Mimi sikujua, hayo yalikuwa ya kwao wawili.

Akaniuliza, "Nilikwambia nini, Baba?" Basi.  Kesho yake alihamia hosteli ya mabaharia, na simu yangu hapokei.

Ndiyo maana nakusumbua. Hata kipande cha ukubwa wa kiganja, hata mfuko wa koti tu, kama kuna kilichobaki. Amenitumia ujumbe kwamba tarehe ishirini Aprili atapita hapa kuchukua vyeti vyake kabla hajasafiri tena. Nataka niwe na kitu cha kumpa mkononi.

Mpima ardhi mstaafu


2 Aprili

Shikamoo mzee wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nimepekua kila pipa la vipande hapa karakana, na pamoja na barua hii utapokea mkoba mdogo. Ni wa kodrai ya lile koti. Kipande cha mgongo na mkono mmoja vilibaki, nilikuwa nimeviweka kando nikavisahau. Bitana ni shuka la pamba lililotumika, na mkanda ni ngozi ya kiti cha zamani. Hakuna kitu kipya ndani yake ila uzi.

Nimeufungia kadi, kama tunavyofanya kwa kila mkoba, ili mwenye kuubeba ajue kitambaa kimetoka wapi. Nimeandika hivi: *Mkoba huu ulikuwa koti. Aliyelivaa alifanya kazi kaunta ya posta na hakuwahi kutupa kitu. Sasa ni wa binti yake.*

Hakuna malipo. Tafadhali usinitumie chochote.

Fundi


8 Aprili

Mwanangu,

Kama ningekuwa hodari wa maneno ningekuandikia kurasa kumi. Mkoba umefika. Niliuweka mezani nikauzunguka kama mtoto aliyeletewa kitu kutoka safari. Jirani yangu, ambaye kazi yake ni kukosoa, ameusifu, na akaniomba nimwelekeze dukani kwenu.

Kadi yako nimeisoma mpaka nimeikariri. Hukumjua mke wangu, lakini umemweka pale katika mistari mitatu. Nimeufunga mkoba kwa karatasi na utepe. Siku zimebaki kumi na mbili, nami ninazihesabu.

Ubarikiwe wewe na mikono yako.

Baba yako, ukiniruhusu kujiita hivyo,
Mpima ardhi


24 Aprili

Wewe Fundi,

Hunijui. Anwani yako nimeitoa kwenye kadi.

Siku ya Jumapili baba yangu aliniwekea mkoba mezani. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na baba yangu pasi haijui, kola ilikuwa na mikunjo mitatu. Akasema, "Fungua." Nikafungua. Akasema, "Ni koti la mama yako."

Nikueleze kuhusu koti la mama yangu. Nilipokuwa mdogo, shule zikifungwa, nilikuwa nakaa chini ya kaunta ya posta mpaka saa ya kutoka kazini. Cha kuchezea kilikuwa mkono wa lile koti, lililotundikwa kwenye msumari. Nilihesabu mistari ya kodrai kwa kidole. Mistari minene, imejipanga kama penseli kwenye boksi. Mkono ule ulikuwa na mistari thelathini na nane, mshono hadi mshono. Kodrai ya mkoba wako ni nyembamba kama meno ya kitana. Nilijua kabla sijauinua mezani.

Nikamwambia, "Baba, umenunua mkoba dukani ukamwomba muuzaji akuandikie uongo." Akasema, "Siwezi kufanya hivyo, mwanangu." Nikamwambia, "Ulishindwa kunisubiri, na sasa unanidanganya kama mtoto mchanga." Nilimwita muongo, Fundi. Mezani kwake, na jirani amesimama mlangoni anasikia.  Alikusanya sahani akaenda kuziosha, na sahani zenyewe zilikuwa safi, hatukuwa tumekula.

Nataka kujua jambo moja tu. Alikulipa kiasi gani uandike kadi ile? Niko hosteli ya mabaharia mpaka tarehe tatu.

Binti wa mwenye koti


29 Aprili

Dada,

Baba yako hakunilipa kitu, wala hakuniomba niandike lolote. Aliuamini mkoba ule kama alivyoniamini mimi. Muongo ni mimi.

Koti la mama yako halikukatwa. Limo ndani ya kifurushi kinachokuja na barua hii. Hesabu mistari.

Siku aliyolileta, nilimwaga mifuko yote mezani nitenganishe pamba, sufu na nailoni. Nilipolifikia koti nikalivaa, nione linavyokaa kabla sijashika mkasi, ndivyo tunavyofanya. Dada, lilinikaa kana kwamba nilipimwa. Mabega, kiuno, urefu wa mkono. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na miwili. Nimewashonea watu tangu nina kumi na saba, na nguo ninazovaa mimi ni zile zilizokosa mteja. Mwenzangu wa cherehani ya pili akasema, "Hilo ukilikata utapata dhambi." Tukacheka. Jioni nikatoka nalo limekunjwa chini ya kikapu changu. Mwenye duka hakujua.

Nililivaa mara nne. Mara moja ilikuwa kwa dada yangu, mwanawe alipomaliza chuo. Wanawake walinishika mkono wakipapasa kitambaa, wakauliza nimelinunua wapi. Nikawaambia, kwetu dukani, sisi tunauza nguo zisizoumiza dunia. Nilisema hivyo nikiwa nimenyoosha shingo.

Barua ya kwanza ya baba yako ilipokuja, koti lilikuwa limetundikwa kwenye kiti nilichokalia. Ningeandika "lipo," yangekwisha palepale. Niliandika "limekatwa" kwa sababu ni neno lisiloulizwa swali la pili. Kisha akanieleza habari zako. Ungedhani hapo ndipo ningesema kweli. Lakini kila siku niliyonyamaza iliongeza aibu ya kusema, mpaka nikaona afadhali nimshonee kitu kitakachomtuliza. Kodrai ile ni ya suruali ya mtu nisiyemjua. Na kadi zetu zile, nusu yake nazitunga. Wateja wanapenda kusoma kitambaa kimetoka wapi, na mara nyingi mimi mwenyewe sijui. Sikufikiri kuna mtu atakayekuja kusoma kitambaa chenyewe kwa kidole.

Nakuomba, nenda kwa baba yako kabla ya tarehe tatu. Naye nimemwandikia leo, nimemweleza yote.

Fundi


17 Mei

Fundi,

Barua yako ya tarehe ishirini na tisa niliipata. Sikuijibu kwa sababu sikuwa na neno ambalo ningetaka mtu alisome. Halafu juzi ukaja mwenyewe.

Nilifungua mlango nikakuona umelibeba koti mkononi, na kwa muda mfupi sana nilisahau. Nilikuwa nataka kusema, "Umechelewa leo, posta kulikuwa na watu?" Mdomo ulikwisha kufunguka. Kisha nikaona ni wewe.

Sikukukaribisha ndani. Miaka arobaini nimekaa nyumba hii na sijawahi kumwacha mtu nje, lakini wewe nilikuacha umesimama juani unalia. Nikapokea koti, nikafunga mlango. Nilikusikia ukishuka ngazi polepole. Sijuti, na pia sijisifu.

Ulisema kifurushi kilirudi kwa sababu hosteli haikai na mizigo ya aliyeondoka. Ni kweli. Nimeuliza, meli yao iliwahishwa siku mbili. Barua yako wanasema waliituma imfuate, lakini nani ajuaye. Harudi mpaka Desemba. Miezi saba binti yangu atapika na kupakua na kulala akiamini baba yake ni mtu wa kununua mkoba na kuupachika jina la mama yake.

Nami nina langu. Ningemsubiri siku tisa zaidi tu, wewe usingelipata hilo koti. Nimelipima jambo hili kila upande, kama nilivyokuwa napima viwanja vya watu wanaogombana, na kila nikipima, mpaka wa kosa unaangukia kwangu.

Mpima ardhi


2 Juni

Shikamoo mzee wangu,

Sikutarajia kukaribishwa, kwa hiyo hilo usiliwazie.

Nimemweleza mwenye duka. Hakunifukuza. Ameniondoa kwenye kupokea nguo na kwenye kuandika kadi, nakaa chumba cha nyuma nashona. Siku hizi kadi zina maneno mawili tu, "Kitambaa kilichotumika." Wateja wanalalamika, wanauliza zile hadithi zimekwenda wapi. Mama mmoja alirudisha mkoba kwa sababu hiyo. Nilimsikia kupitia pazia akisema, "Sasa nitawaambia nini wenzangu?" Zamani ningetoka nikamtungia palepale, akaondoka anatabasamu.

Nimepeleka barua nyingine mbili kwa binti yako kupitia kampuni ya meli. Zote zinasema kitu kimoja, kwamba hukujua.

Mzee wangu, usijitwike la kwangu. Wewe ulilitoa koti kwa uchungu. Mimi nililichukua kwa furaha. Hayo hayawezi kuwa sawa.

Fundi


19 Agosti

Baba,

Barua ya fundi imenifikia katika bandari ya nne. Imegongwa mihuri mpaka anwani haionekani. Niliisoma jikoni, vitunguu viko motoni. Vikaungua, na mabaharia wakala hivyohivyo bila kuuliza. Nafikiri waliniona uso.

Nilikuita muongo. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta siku moja uliyowahi kunidanganya, hata jambo dogo, nipate pa kuegemea. Sijaiona. Hata mbwa wetu alipogongwa na gari, mama alitaka niambiwe amehamia shamba fulani, wewe ukanikalisha chini ukasema amegongwa, amekufa, twende tukamzike. Nilikuwa na miaka sita. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwita muongo, na alipokwenda kuosha sahani safi nikasema moyoni, anakiri.

Nisamehe, Baba.

Lakini sitaki nikuandikie nusu. Bado nina hasira. Nilikuomba uningoje, ukasema sawa. Hasira ile ya mkoba haikuwa na haki, hii nyingine inayo. Nisamehe ile. Hii niachie kwanza, nitajua la kuifanya.

Meli inafika tarehe kumi na mbili Desemba. Usije bandarini, kuna upepo na kifua chako nakijua.

Mwanao


28 Desemba

Fundi,

Zile barua zako mbili ulizopitisha kwa kampuni ya meli zilimfikia pia, kwa hiyo nimeona si haki kukuacha bila kujua mambo yalivyokwenda.

Alifika. Nilikwenda bandarini ingawa alinikataza, tukagombana kidogo kuhusu skafu, na hilo likatusaidia maana hatukujua tuanzie wapi.

Nyumbani alilitoa koti kwenye kitundikio. Akashika mkono mmoja akaanza kuupitishia kidole, nikaona midomo yake inacheza, na mimi nimesimama mlangoni kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Alipomaliza aliitikia kwa kichwa kuniambia ndilo. Kisha akalivaa.

Halikupita mabegani. Binti yangu ananyanyua masufuria ya watu thelathini kwa mwaka wa tisa sasa. Ana mabega mapana kuliko mimi. Mara ya mwisho alipolijaribu alikuwa na miaka kumi na sita, na sote wawili, na mama yake pia nadhani, tulikuwa bado tunamwona wa kimo kile. Alisimama mbele ya kioo, mikono ya koti imekomea juu ya saa yake. Tukatazamana kiooni. Tulicheka, kweli tulicheka. Halafu akakaa kitandani akalia, mara ya kwanza mbele yangu tangu mama yake afe. Nikakaa kando yake. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Baadaye nikamwambia, kwa shida, kwamba yupo fundi anayelijua koti hilo, anaweza kulipanua. Akasema, "Hapana, Baba. Nililitaka siku ile."

Nikaenda kumletea maji. 

Hajalichukua. Amelitundika tena mwenyewe, akafunga vifungo vyote sita, akasema likae. Kesho anaondoka. Ameniachia orodha ya bandari na tarehe zake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mama yake alipokuwa hai.

Asubuhi ya leo aliniuliza kama wewe nimekusamehe. Nikamwambia, bado.

Akasema, "Hata mimi wewe bado, Baba."

Kisha akaniuliza nataka sukari kiasi gani kwenye chai. Nikamwambia kijiko kimoja.

Mpima ardhi